Mtani Kwenye Ritani ya Dada

Baba yetu hakuonja pombe maisha yake yote, na alifariki akiwa mmoja wa wamiliki wa kiwanda cha mvinyo.

Ukisikia hivyo harakaharaka unaweza kumhukumu mzee wa watu bure, kwa hiyo acha nieleze taratibu. Nimefundisha hesabu za biashara sekondari kwa miaka mingi, na nimeona mbele ya ubao kwamba jambo likielezwa taratibu hupungua ukali. Hata kodi. Hasa kodi.

Baba alikuwa mkulima wa Igalula na mzee wa kanisa la Moravian. Alilima karanga na tumbaku, akatundika mizinga porini kama baba yake alivyofanya, na hakuruhusu wanzuki, pombe ya asali, itengenezwe karibu na nyumba yake hata siku ya harusi. Zamani kidogo walipita watu wakiuza hisa za kampuni ndogo ya kufungasha asali. Baba alisita. Aliyemsukuma kununua alikuwa rafiki yake mkubwa, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akajenga mtaa wa Ng'ambo na kukataa kurudi pwani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani na kurudi, wakilala kwa watu wa njiani, wakiibiana kuku na kuzikana. Kwa hiyo nyumbani kwetu mzee huyo hakuitwa kwa jina. Alikuwa Mtani tu.

"Wewe si unawajua nyuki?" alimwambia baba. "Basi nunua. Nyuki watafanya kazi, wewe utalala. Sisi watu wa pwani ndivyo tunavyoishi."

Baba akanunua. Kila mwaka ukawa unaingia mgawo mdogo wa faida, pamoja na ndoo ya asali. Halafu kampuni ikagundua kwamba asali iliyochachuka inauzika kuliko isiyochachuka. Kwenye barua yao kwa wanahisa hawakuandika mvinyo; waliandika kwamba wameanza kuongeza thamani ya mazao ya nyuki. Baba alitusomea barua hiyo mezani kwa sauti ya kanisani. "Tunaongeza thamani," alisema, na akakunja karatasi vizuri.

Kama alijua ama hakujua, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba mwaka mmoja ndoo ilikuja na chupa nzuri yenye picha ya nyuki, na baba akaiweka kabatini akisema ni dawa ya kikohozi. Mchungaji mmoja mgeni alikuwa anakohoa, akapewa vijiko viwili. Kesho yake alirudi kutuambia kikohozi bado.

Baba alifariki wakati wa kiangazi, na Mtani alifika Igalula kabla hata ya baadhi ya ndugu. Aliyezikiwa na watani anajua nini kilifuata. Wakati sisi tunalia, Mtani aliingia chumbani akatoka amevaa koti la kijivu la baba, lile la Jumapili, mikono imefunikwa hadi kwenye vidole. Akaanza kutembea uani kama baba: mikono nyuma, hatua fupi, anasimama kuangalia kama mbuzi wamefungwa, anatikisa kichwa kwa sababu hawajafungwa. Shangazi zangu walicheka huku machozi yanatiririka. Makaburini akakaa kwenye ukingo wa kaburi na kugoma kuondoka mpaka alipwe. Akalipwa kuku. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na niseme wazi kwamba bila yeye siku ile tusingeimaliza.

Tatizo lilianza kwenye kikao cha ukoo.

Kwa asiyewahi kupitia jambo hili: mtu akifariki na kuacha mali, ukoo hukaa, huchagua msimamizi wa mirathi, na mazungumzo huandikwa katika muhtasari unaopelekwa mahakamani. Tulimchagua dada yetu mkubwa. Watoto tuko watatu: dada, ambaye ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, mimi, na mdogo wetu wa kiume aliyebaki Igalula na shamba. Katibu wa kikao alikuwa baba mdogo. Huyu alikuwa katibu wa usharika kwa muda mrefu sana, na anaamini kwamba neno lililosemwa kikaoni lisipoandikwa limeibiwa. Anaandika kila kitu. Mtu akipiga chafya kikaoni, baba mdogo hunyanyua kalamu na kufikiri kwanza.

Tulipofika kwenye hisa za asali, Mtani alinyoosha mkono akiwa mlangoni, bado amevaa koti.

"Mwenyekiti, na mimi robo yangu. Hao nyuki nilimtafutia mimi. Robo ya hisa, na hili koti."

Sasa mtani msibani hanyimwi. Unacheka, unasema apewe, halafu unampa kuku na maisha yanaendelea.

"Apewe," akasema shangazi.

"Apewe na malkia wa nyuki amuoe," akasema mdogo wetu.

"Apewe," tukasema wote.

Baba mdogo akaandika. Mwishoni akasimama na kusoma, na miongoni mwa mengine tukasikia: "Kikao kimeridhia kwa kauli moja kwamba mtani wa marehemu apewe robo ya hisa za asali, pamoja na koti." Tulipiga makofi. Tukasaini wote. Hakuna aliyesema futa hapo, kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza lililotuchekesha sote kwa pamoja tangu tuzike, na nani angekubali kulifuta?

Kwenye fomu ya mgawanyo tulijaza watoto watatu. Mtani hakukumbukwa na mtu, maana hakuna aliyekuwa amewahi kumfikiria kuwa mrithi.

Muda ukapita. Kampuni ya asali ikanunuliwa na wenye nguvu zaidi, na kila mwanahisa akalipwa. Fungu la baba likaingia kwenye akaunti ya dada, kwa jina la dada na namba yake ya mlipakodi, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi. Dada hana tamaa hata ya kipande cha uzi kisicho chake. Alituita, tukagawana sawa. Mdogo wetu akanunua maksai wawili. Mimi nikaezeka upya nyumba. Dada, ambaye maisha yake yote alikuwa ameshonea kwenye baraza la watu, akapanga fremu ya duka Ng'ambo karibu na soko, akalipa pango la mwaka mzima, akapaka rangi ya bluu mlangoni na kusogeza cherehani yake ndani kama anayemwingiza bibi harusi. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, akanipigia simu ili nisikie tu jinsi ambavyo hakulazimika kukimbia na vitambaa.

Ndipo ulipofika msimu wa ritani za kodi, akanipigia tena.

"Mdogo wangu, njoo. Nimekuwa tajiri."

"Hongera, dada."

"Usinipongeze. Njoo."

Nilimkuta amekaa nyuma ya cherehani bila kushona. Alikuwa ameitwa ofisi ya kodi, akaambiwa kwamba kwenye namba yake imeonekana fedha ya mauzo ya hisa na lazima ionekane kwenye ritani. Mfumo ulionyesha fungu zima. Kwa macho ya mfumo, fundi wa Ng'ambo aliuza hisa peke yake, akapata faida peke yake, na kodi yote ilikuwa yake. Dada alikwishapiga hesabu. Kodi ya fungu la watu watatu ingemaliza fungu la mtu mmoja, na fungu lake yeye lilikuwa kwenye kuta hizi za bluu.

"Mwenye fremu amesema nikitaka atanirudishia pango langu," alisema. "Kuna mtu wa vifaa vya simu anaitaka fremu hii hata leo. Nimeshaulizia baraza la zamani kama bado lipo."

"Lipo?"

"Wameweka mashine ya kukamua miwa. Ila wamesema naweza kukaa pembeni ya miwa."

Nilimwambia asubiri kwanza kuhusu miwa. Alikuwa na mtungi wa asali kwenye rafu. Nikauteremsha, nikaomba vikombe vitatu, nikaviweka mbele yake kwenye meza ya kukatia.

"Huu mtungi ni akaunti yako," nikasema. "Mtu wa kodi amesimama barabarani. Kutoka kule anaona nini?"

"Mtungi."

"Anaona mtungi umeingia mlangoni kwako. Vikombe havioni, kwa sababu tulivigawa ndani na mlango umefungwa. Hajakukosea, wala hajakuonea. Ameandika alichoona." Nikaanza kumimina, kikombe cha kwanza, cha pili. "Ritani ni wewe kufungua mlango na kusema: ni kweli mtungi umeingia, lakini kikombe hiki ndicho changu, hiki cha mdogo wangu mwalimu, hiki cha mdogo wetu wa mwisho. Kila mmoja anaandika kikombe chake kwenye ritani yake, na kila mmoja analipia kikombe chake. Wewe unaambatisha karatasi za mirathi kuonyesha kwamba ulipokea kwa niaba yetu. Basi. Hakuna cha kutisha hapo."

Dada alikivuta kikombe chake upande wake.

"Nimeelewa," akasema. "Ila unanimwagia asali kwenye kitenge cha mteja."

Ilikuwa kweli. Kitenge kile alikinunua yeye mwenyewe baadaye, na mpaka leo kinaitwa kitenge cha ritani.

Kama na wewe umewahi kupokea fedha za wenzako kwenye akaunti yako, nakuambia usikimbie. Chukua karatasi zako, nenda, eleza. Sisi tulikwenda, dada na mimi, tukiwa na bahasha yenye kila kitu. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na miwani kwenye uzi. Nilimweleza habari ya mtungi na vikombe. Alinisikiliza kwa subira, akasema, "Mwalimu, hapa huwa tunaita wanufaika, lakini vikombe pia ni sawa." Akachukua fomu ya mgawanyo, akatikisa kichwa kuikubali. Akachukua muhtasari wa kikao, akausoma. Akaurudia. Akavua miwani.

"Mtani wa marehemu ni nani?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Ni Mzaramo," dada akasema, kana kwamba hilo linamaliza mjadala.

"Hapa amepewa robo ya hisa za asali. Kwa kauli moja."

"Mama, ule ulikuwa utani wa msibani."

"Naelewa. Mimi mwenyewe msibani kwetu watani waliondoka na redio." Alivaa miwani tena. "Lakini angalieni tatizo langu. Karatasi hii inasema warithi watatu. Hii inasema wapo wanne. Kodi inamfuata aliyepata. Mkiwa watatu naandika watatu, mkiwa wanne naandika wanne. Sina ugomvi na idadi. Ugomvi wangu ni karatasi mbili zinazobishana mezani kwangu. Zikiendelea kubishana, kinachobaki ni kile kilichoonekana kwenye akaunti, na kwenye akaunti yupo dada peke yake."

"Tufanyeje?" niliuliza.

"Aliyeingizwa na kikao anatolewa na kikao. Kaeni tena, mtani awepo, aseme mwenyewe kwamba hadai, mwandike, asaini, mpate muhuri wa mtendaji wa kata. Kama anadai, basi mpeni robo yake, aje na namba yake ya mlipakodi, nitamkaribisha vizuri." Alipotuaga, nilimwona anauinua muhtasari kidogo na kuutazama tena. "Pamoja na koti," alisema peke yake.

Njiani dada alitembea haraka. Nilijua anachowaza. Robo ya fungu haikuwepo tena duniani. Ilikuwa imekuwa nusu maksai, bati na pango. Mtani akisema anadai, aliyeshika usimamizi ndiye angetafutwa, na mwenye usimamizi alikuwa na kitu kimoja tu kinachoweza kurudishwa kuwa fedha: mlango wa bluu.

Tulimkuta Mtani kwake, amekaa kwenye kibaraza, amevaa koti la baba katika joto lile.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba. Mmekuja kuiba nini?"

Dada alimweleza. Alimweleza vizuri, bila kuficha, mpaka habari ya miwa. Mtani alisikiliza mdomo wazi, na uso wake ukawa unang'aa kadiri maelezo yalivyosonga. Mwishoni akasimama.

"Subirini. Mnataka kuniambia serikali inanitambua? Serikali yote hii inajua kwamba Mzaramo amewarithi Wanyamwezi?"

"Inataka kujua kama unadai," nikasema.

"Nadai. Tena niandikieni hiyo namba leo. Nitaibandika mlangoni. Ndugu zangu wa pwani wakija waione."

"Mtani," dada akasema, "namba inakuja na kodi."

"Nitalipa."

"Kwa fedha ipi?"

"Kwa robo yangu."

"Robo yako nimeipaka rangi ya bluu."

Mtani akaketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama dada kama mtoto wa rafiki yake na si kama Mnyamwezi. Akapapasa mfuko wa koti, akakuta hakuna kitu, akatoa mkono.

"Baba yako alishonewa wapi hili koti?"

"Nilishona mimi. Barazani."

"Ndiyo maana mikono mirefu."

"Mikono ya baba ilikuwa mirefu. Wewe ndiye mfupi."

Akacheka, na mimi nikapumua. Lakini mtani ni mtani. Alisema yuko tayari kuja kikaoni na kusema hadai, ila hawezi kuacha urithi mkubwa namna hiyo bure. Babu zake wangemcheka. Alitaka malipo, na malipo yenyewe alikuwa nayo tayari, kana kwamba aliyaandaa tangu msibani.

"Nyinyi ni wapagazi," alisema. "Babu zenu walibeba pembe, walibeba nguo, walibeba hata watu wakubwa wamelala kwenye machela. Wakapita kwetu wakiringa. Mimi sijawahi kubebwa na Mnyamwezi. Nibebeni kutoka hapa hadi kwa mtendaji wa kata, nitasaini."

"Ni karibu, twende kwa miguu," nikasema.

"Miguu yenu. Yangu haigusi chini."

Dada hakusita. "Siku ya kikao tutakubeba," alisema. "Ila ukijikojolea tunakushusha."

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Mtani, kwa kuwa tayari alikuwa na viti. Baba mdogo alikuja na treni kutoka Igalula akiwa na daftari jipya. Mdogo wetu alikuja naye, na aliposikia kazi iliyokuwa inamsubiri alisema angejua mapema angekuja na maksai. Tulijadili agenda moja. Mtani akatamka kwamba hadai robo ya hisa wala faida yake. Baba mdogo akaandika, kisha akauliza, kalamu hewani: "Na sharti la kubebwa niliandike?"

"Usiandike," tukasema watatu kwa pamoja.

Baba mdogo aliumia. Ilionekana usoni. "Limesemwa kikaoni," alisema.

Nilimweleza kwa upole, kwa sababu ni mzee wangu na nampenda, kwamba afisa wa kodi akikuta mtu amelipwa kwa kubebwa anaweza kuuliza thamani ya huduma ya ubebaji, na kama wapagazi wana namba za mlipakodi. Alifikiri sana. Mwishowe akakubali kuandika "baada ya mazungumzo ya kirafiki", lakini aliandika kwa herufi ndogo.

Tulifunga miti miwili kwenye kiti cha mbao, kila upande mmoja. Mdogo wetu na mimi tukashika nyuma, dada na jirani mmoja fundi wa baiskeli wakashika mbele. Mtani akapanda, akakunja mikono ya koti, akasema, "Wapagazi, msafara uondoke." Si mzito, lakini anapenda kupunga mkono, na kila akipunga kiti kilielemea upande. Barabara ile nimeipita miaka mingi na sikuwahi kujua ina mashimo mengi kiasi kile. Mwenye duka la khanga, mzee wa Kiarabu aliyemfahamu baba, alitoka nje akauliza kama mgonjwa amezidiwa.

"Mimi si mgonjwa," Mtani akamjibu kutoka juu. "Nimerithi, sasa narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Nyuki."

Mzee alitutazama tukipita, akasema Mungu awape nguvu. Wanafunzi wangu wawili wa zamani, sasa wanaendesha bodaboda, walipunguza mwendo wakaanza kutusindikiza kwa honi, mmoja kila upande. "Mwalimu," akasema mmoja, "somo gani hili?" Nilimwambia ni mada ya mgawanyo wa faida. Akasema kipindi kile alikosa.

Dada, aliyekuwa mbele, hakucheka hata kidogo. Kilemba kilikuwa kimemteremka jichoni na hakuwa na mkono wa kukipandisha. Alibeba kama mtu anayebeba mlango wa bluu kichwani. Tulipokuwa mbele ya fremu yake alisema tupumzike kidogo, tukashusha. Mtani akachungulia ndani kutoka kwenye kiti chake: cherehani, rafu, vitambaa vimekunjwa kwa rangi, kitenge cha ritani kimetundikwa ukutani.

"Hii ndiyo robo yangu?" akauliza.

"Ndiyo."

Akautazama mlango wa bluu, juu hadi chini. Halafu akateremka mwenyewe kwenye kiti, akajifuta vumbi. "Kiti chenu kinauma," akasema. "Wapagazi wa siku hizi hawana ujuzi." Akaanza kutembea kuelekea kwa mtendaji, mikono nyuma, hatua fupi, akasimama kuangalia mbuzi wa mtu kama wamefungwa. Dada akapandisha kilemba, na hapo ndipo alipocheka, mpaka akashika ukuta.

Kwa mtendaji wa kata Mtani alisaini kwa herufi kubwa. Mtendaji alisoma, akauliza mazungumzo ya kirafiki yalikuwa ya namna gani, akaangalia nje kwenye kiti chenye miti, akaona heri apige muhuri. Baba mdogo alisoma muhtasari wote kwa sauti ili kumbukumbu zikae sawa, na alipofika mwisho tukasikia: "Koti libaki kwa mtani wa marehemu kama ilivyoridhiwa awali." Hakuna aliyekuwa amelitaja koti siku ile. Baba mdogo alisema halikufutwa, na kisichofutwa kipo. Tulikubali kwa kauli moja.

Yule mama wa ofisi ya kodi aliweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akapitisha kidole, akasema sasa zinasalimiana. Tulijaza ritani tatu. Nilikaa na mdogo wetu kujaza yake, maana alitaka kuwaandika maksai kama watu wanaomtegemea, na nilimweleza polepole kwa nini haiwezekani ijapokuwa wazo halikuwa baya. Kila mmoja alilipia kikombe chake. Kodi iliuma kidogo, kama sindano inavyouma, kisha ikaisha. Dada alibakiwa na fremu, na mtu wa vifaa vya simu akapata nyingine mtaa wa pili.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimekaa dukani kwa dada Mtani alipoingia na koti mkononi. Alitaka mikono ifupishwe. Dada akampima, akaweka alama ya chaki, akamtajia bei.

"Bei?" Mtani akasema. "Unamtoza mwenye duka?"

"Ulikataa mwenyewe. Ipo kwenye muhtasari."

"Nilikataa robo. Sikukataa mikono."

"Kila mtu alipie kikombe chake, Mtani."

Alinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeleta maneno hayo mjini, na ni kweli ni mimi. Akalipa. Kisha akaegemea meza ya kukatia na kunyoosha kiganja.

"Na risiti," akasema. "Iandikwe mrithi mstaafu."

Dada akampa risiti, akalitandika koti la baba chini ya sindano, akaanza kufupisha mikono.